Mshenga wa Nzi

Asubuhi napika uji:
unga wa mahindi, hamira, sukari kidogo,
nakoroga mpaka mwiko usimame wenyewe.
Si wangu. Ni wa nzi wa matunda,
chupa mia tatu katika kabati lenye joto,
na nje, Sendai, theluji inafukia baiskeli za wanafunzi.

Mama ametuma picha nyingine.
Huyu ni mhasibu wa bandari ya Shiogama,
ana meno yake yote, ameandika,
na mshenga ni Bi Kuwashima, yule muuza miwani.
Nailaza picha kifudifudi mezani,
nawasha darubini.

Dume ninayemtazama hajawahi kuona nzi.
Nilimtenga kabla hajapasua ganda,
nikamlea siku tano peke yake ndani ya kioo:
hana baba wa kumwiga, hana kungwi,
hana hata rafiki wa kumdanganya.
Nampuliza kwa mrija
kwenye chumba kipana kama kifungo cha koti,
alimo jike.

Na anajua.

Anamgeukia. Anamwandama.
Anamgusa tumbo kwa mguu wa mbele,
na kwa kuwa mguuni ana ulimi,
kubisha hodi na kuonja kwake ni kitu kimoja.
Kisha ananyoosha bawa, moja tu,
analitetemesha:
wimbo nisioweza kuusikia bila mashine,
na hata kwa mashine ni kama mtu
anayepitisha kitana ukingoni mwa meza,
chumba cha tatu kutoka hapa.

Profesa Odajima husema: jeni.
Jike naye anayo, herufi zile zile,
ila kwake husomwa kwa mkato mwingine,
sentensi hukatika kabla ya kitenzi.
Kwa dume husomwa hadi mwisho.
Mshenga mmoja, nyumba mbili;
huku anamwaga maneno,
kule anakunywa chai na kuaga.

Na kichwani mwa dume, kila upande,
kuna seli kama ishirini, vijakazi wa jeni hiyo.
Hawa wa chupa za utepe wa manjano
tumewapandikizia kitu cha mwani wa dimbwini
ili seli hizo zishtuke kwa taa nyekundu.
Juzi nilimwekea mmoja wao tonge la nta
linalozungushwa na sumaku.
Nikawasha taa.
Akaliposa tonge.
Alilizunguka, akalibishia hodi, akaliimbia,
kwa bidii ile ile, bawa lile lile.
Nikazima taa. Hakuacha.
Dakika nzima, mbili, taa imezimwa,
yeye na nta yake.

Odajima alicheka mpaka akavua miwani.
Mimi nilimkumbuka Hirosuke,
na miezi minane niliyoendelea kununua
chapa ya kahawa anayoipenda
baada ya kuhamia Akita.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Katika sekunde mia sita, dume ameposa ngapi?
Leo mia tano na tatu. Naandika.
Daftari halina safu ya jike.

Lakini namwona.
Anampiga teke la uso. Anakimbia. Anasafisha macho
kana kwamba mgeni hajafika.
Naye ana seli zake, zinazosikiliza,
zinapima kitana kile pigo kwa pigo,
na likimkaa,
hasemi kitu, hageuki,
anapunguza mwendo tu.
Hiyo ndiyo ndiyo yake.

Saa mbili usiku nafunga kabati.
Barabara ya Aoba imekuwa kioo
na watu wote tunatembea polepole,
mikono imenyooshwa kidogo pembeni,
tusieleweke vibaya.

Kituoni namwandikia mama:
Ana sauti gani, huyo wa Shiogama?

Basi linakuja. Simu inatetemeka mfukoni.
Mama amejibu:
Ana gari.