Haachi

Walidhani nimevamiwa.
Jirani yangu Mama Tirindi aliuliza kwa sauti ya matanga,
"Ilikuwa wapi, Mwalimu? Hapo kwa reli?"
Wengine wakamtazama mume wangu mara mbili mbili,
mtu ambaye hata jogoo humfukuza uani.
Ukweli ni mdogo, hauna hata damu:
nilipita nje ya ukumbi wa Bondeni jioni, sukuma wiki kwapani,
nikasikia watu wakihesabu kwa pamoja,
nikasimama
kama ng'ombe aliyesikia debe la chumvi.

Miaka ishirini na saba nimefundisha hesabu.
Vifuniko vya soda, njiti za kiberiti,
vidole vya watoto vyenye wino na uji.
Nina umri wa hamsini na mmoja
na goti moja linalotabiri mvua kuishinda redio.

Sare nilijishonea kwa magunia ya unga,
nikayachemsha mara tatu.
Bado ukichungulia kwapani pameandikwa
UZITO KILO 90.
Si kweli.
Si kweli bado.

Mshipi nilifungiwa na Jepkemei, miaka kumi,
wake ni wa rangi ya chungwa,
mdomoni ana pengo la meno mawili.
"Si hivyo, Mwalimu. Hiyo ni ya kufunga mbuzi."
Akafungua. Akafunga. Akanitazama
kama nilivyowatazama sijui wangapi
walioandika saba ikiangalia nyuma.

Na pale mbele, miguu peku, Gathogo.
Namba ishirini na tisa kwenye rejista yangu,
dawati la mwisho, chini ya dirisha lililovunjika.
Siku moja nilimsimamisha ubaoni kipindi kizima
kwa sababu nane mara saba ilimtoroka.
Nilimwambia neno. Sitaliandika hapa.
Yeye hajanikumbusha.
Mimi sijasahau.

"Tusimame. Tuhesabu."

Moja kwao ni *ichi*: nikasikia nchi.
Mbili ni *ni*, hilo hilo letu dogo
ambalo maisha yake yote limeunganisha vitu
bila kuwa kitu.
Tatu, *san*: sana iliyokatwa mkia.
Nne nikapotea.
Tano ngumi yangu ilitoka wenzangu wakirudisha zao.
Ikafika nane, *hachi*,
nami masikio yangu yakaisikia kikwetu: haachi.
Vumbi la magadi kutoka ziwani likapenya chini ya mlango,
likatukaa midomoni,
haachi,
goti likanikaripia kwa Kimaragoli, lugha ya mama yangu akikasirika,
haachi, haachi,
hadi teke moja lilipokwenda bila mimi
na sakafu ikanijia.

Watoto hawakucheka.
Hilo liliniuma kuliko nyonga.

Gathogo akaja, akachuchumaa.
Nilingoja mkono; hakutoa mkono.
Nilingoja basi lile neno, lirudi kwa mwenyewe,
nikafumba macho ili lisinikute nikitazama.
Akasema taratibu, kama mtu anayesahihisha kwa penseli,
"Tulikuwa tumefika nane, Mwalimu. Endelea kutoka hapo."

"Hamsini na sita," nikasema. Sijui kwa nini.

Akanyamaza. Kisha kicheko kikamponyoka,
kile kile cha dawati la nyuma.
"Hiyo siku hizi naijua," akasema, akarudi mbele.

Nikainuka kwa awamu: kiganja, goti zima, goti bovu,
mshipi umelegea, mbuzi karibu atoroke.
Tisa kwao ni *ku*.
Kwetu ni mlango tu wa kitenzi, hujaambiwa kipi.
*Ku*, nikasema, nikimwangalia machoni.
Ku... na ulimi ukakwama hapo, kwenye nusu,
kilichobaki kikinichoma koo,
na darasa zima, Jepkemei akiongoza,
tayari limeshafika kumi,
tayari linaanza upya.