Pingili

Mnyororo wa pikipiki haukatiki siku unapokatika.
Hilo nalijua mwaka wa kumi na tisa sasa,
kijiweni kwangu, nyuma ya soko la Arua:
mteja ananiletea pingili iliyopasuka, anailaani barabara ya Koboko,
nami namwonyesha nyingine, mbali na hiyo,
iliyokauka mafuta tangu mwezi jana.

Kumbe na mimi ni vivyo hivyo.

Dada Ayikoru alinipa karatasi, na kalamu ya buluu.
Jumamosi ulikunywa. Turudi nyuma, pingili moja moja.
Nilikunywa kwa sababu kulikuwa na waragi.
Waragi ipo Arua siku zote. Kabla yake?
Nilipita dirishani kwa Candiru.
Kabla yake?
Simu ya binti yangu, Letasi. Karo.
Kabla yake?
Sikuwa nimekula.
Kabla yake?
Sikuwa nimelala.
Kabla yake?
Nikanyamaza. Nje jenereta ilikuwa inakohoa.
Kabla yake nilimwota marehemu kaka yangu, Onzima,
chini ya lori, ananyoosha mkono, ananiomba spana namba kumi na nne,
na nilipoamka nilikuwa nimekunja ngumi, kana kwamba ninayo.

Hakunipa pole. Alisema tu: andika hiyo pia.

Chumbani humo "lakini" haitumiki.
Nilicheka. Mlevi bila lakini ni gari bila gia ya nyuma.
Nampenda mke wangu, lakini. Nitaacha, lakini.
Sasa tunatumia "na."
Nampenda Drateru na niliuza cherehani yake.
Sema tena.
Nampenda Drateru
na niliuza cherehani yake.
Lakini ilikuwa na mlango wa uani, nilizoea kuponyokea huko.
Na ni chumba kimoja tu. Tumo humo sote wawili,
mume na mwizi, tunatazamana,
hakuna anayemtoa mwenzake.

Kiu ina saa yake: kumi na moja jioni,
spana zikishaoshwa kwa petroli.
Nikiisikia inakuja navuka kwa Mama Ezaru, muuza sangara.
Ananijazia beseni maji na barafu yenye magamba.
Natumbukiza uso, nahesabu hadi thelathini,
na moyo wenyewe unashusha gia.
Natoka nanuka ziwa. Watoto wa sokoni wananiita Sangara.
Waniite. Sijasikia bado sangara aliyelewa.

Siku nyingine barafu imekwisha.
Siku hiyo nakaa tu, kama mtu aliyenaswa na mvua dukani kwa watu:
inapiga bati, inapiga, hausikii hata jina lako,
na hujanunua kitu, na hufukuzwi,
hadi inapungua.

Kadi yangu ya wiki. Jumatatu kiu nne. Jumanne tisa, sikunywa.
Jumatano sita, nilikunywa.
Sita! Ndogo kuliko ya jana yake.
Mkono ulitaka kuandika sifuri,
ndipo nikajua kuwa hata kalamu ina kiu.

Cherehani ile iko barazani kwa fundi mmoja, mtaa wa pili.
Kwa miezi nimekuwa nikizunguka nisipite pale,
na njia ya kuzungukia inapita dirishani kwa Candiru.
(Hiyo nayo ni pingili. Nimeiona leo tu, nikiandika.)
Juzi niliisikia inalia. Chuma kikavu, naijua sauti yake.
Nikavuka na kopo la mafuta.
Fundi hakunijua. Nikapaka matone matatu, pale ambapo Drateru alikuwa akipaka,
nikazungusha gurudumu kwa kiganja.
Ikanyamaza. Ikashona.
Kilo ngapi? aliniuliza yule fundi, yaani bei.
Nikamwambia bure.

Nilirudi kijiweni mikono ikitetemeka,
na Drateru bado yuko kwao Maracha,
na sikunywa,
na kesho siijui,
na