Kichwa cha Kobe

Huku kaskazini mwa Maine, hatua chache kutoka Kanada,
kuna pembe ambayo maji ya theluji hukataa kuihama.
Viazi havikuwahi kuikubali. Viligeuka uji.
Marehemu baba alipaita Mdomo wa Ng'ombe:
unaingiza buti, unatoa mguu mtupu.

Kaka yangu Léandre alitaka kuchimba mtaro.
Mtaro ungemwagia kwangu.
Nikasema hapana. Akasema sawa.
Miaka sita sasa, hatujasema kingine.

Januari moja nilikata dumu la maziwa kiunoni,
nikatia udongo, nikanyunyiza mbegu
nyepesi kama ganda la kitunguu,
nikaliacha nje theluji ilifukie.
Ua hili ni mwenyeji wa mabonde haya,
lilitangulia viazi, lilitangulia jina letu la Kifaransa,
na mbegu zake zina ukaidi wa kwetu:
usipozigandisha, haziamki.

Mwaka wa kwanza, majani.
Mwaka wa pili, majani, na kulungu akayala.
Mwaka wa tatu, mwisho wa Agosti,
maua mengine yakiwa yameshafunga duka,
mashina yakapandisha vichwa vyeupe,
midomo imefumbwa
kama kobe aliyesusa chakula.

Vipepeo walipita. Nzi alibisha hodi, akachoka.
Kisha akaja nyuki yule mnene wa manyoya,
fundi wa milango iliyovimba.
Akaegemeza bega. Akasukuma.
Mdomo ukafunguka, akazama mzimamzima,
ikabaki tetemo
na mvumo kama wa redio iliyofunikwa blanketi.

Nilikuwa nimepiga magoti topeni, nikicheka peke yangu,
nilipoona kivuli cha kofia.
Léandre, mikono mfukoni, ng'ambo ya kigingi.
"Ameingia," akasema.
"Ngoja atoke," nikasema.
Akatoka kinyumenyume, mgongo una unga
kama mwokaji aliyefumaniwa stoo.
Akahamia la pili.

Tulihesabu vichwa kumi na vinne.
Kaka akavuta mguu; buti likabaki.
"Ungeniacha nichimbe mtaro."
"Na hawa wangekula nini, Léandre?"

Hakujibu.
Alisimama hapo na soksi yake moja, mguu juu kama korongo,
mpaka jua likashuka nyuma ya ghala lake,
na nyuki wa mwisho, aliyechelewa,
akaamua kulala humo humo.