Jicho la Paa

Fundi Kighoma wa Birere hupima jiwe kwa kiganja:
zito liende chini, lenye matundu lipande juu.
Nikamsomea habari za hekalu la Roma,
kuba la zege na majivu ya volkano,
kileleni mawe mepesi ya kuelea majini,
kisha tundu wazi: mvua inaingia,
sakafu inainywa.

"Bila chuma?"
Bila chuma.
"Tangu lini?"
Miaka elfu moja na mia tisa.

Akanyamaza. Nyumba yake ilidumu kumi na mmoja,
mpaka mlima ulipoteremka barabarani.

Akatazama kaskazini, kule usiku wingu huwa jekundu.
"Ule nao una tundu," akasema. "Ila mvua haithubutu."

Akaokota jiwe, pengine sebule yake ya zamani,
akalipasua.