Utepe Mweusi

Kadzo, afisa wa usalama, hakuleta picha za moto.
Alichora geji ubaoni,
mshale umelala ukingoni kabisa.
"Chernobili," akasema, "usiku ule
kipimo walichokishika kiliishia hapa.
Wakaandika: hapa. Kana kwamba
kibaba kikijaa, bahari imekwisha."

Tulicheka kidogo. Chai ilikuwa inapoa.
Akaendelea: jaribio lilicheleweshwa,
zamu ya mchana ikaenda kulala,
zamu ya usiku ikarithi karatasi
yenye mistari iliyokatwa kwa kalamu.
Inasemekana mmoja aliuliza kwa simu: nifuate yapi,
yaliyoandikwa au yaliyofutwa?

Sikuandika kitu. Nilikuwa Shimanzi kimawazo,
tangi namba saba, king'ora chake
tulichokiziba kwa utepe mweusi tangu Ramadhani
kwa kuwa kinalia ovyo,
kwa kuwa Mwakio msimamizi ana watoto wa kusomesha
na meli pale Kipevu hutoza kila saa inayongoja.

Kinalia ovyo. Nani aliyeipima hiyo ovyo?

Saa saba na kitu, usiku wa zamu yangu,
nilipanda ngazi, fukuto limenikaba shingo,
nikaubandua utepe kwa ukucha.
Gundi ilibaki kidoleni, nyeusi kama masizi.
King'ora kikalia.

Mwakio kwenye redio: "Nani huyo?"
"Mimi, Nyamawi. Zima pampu."

Mkwaruzo. Pumzi ya mtu anayehesabu hela.

"Una hakika?"
"Sina. Ndiyo maana."