Mizani ya Kahawa

Ya kwanza hukunja miguu kama kozi.
Ikishaziacha nyasi za uwanja wa Moshi
unaona mstari tu, kisha huuoni.
"Noti mia mbili na kumi," muuzaji akasema,
nikadhani anataja bei. Laiti.
"Kiteto dakika thelathini na tano. Chai haijapoa."

Ya pili miguu yake haikunjiki.
Imesimama kando ya pipa la mafuta kama mbuzi aliyegoma.
Huchelewa dakika kumi na tatu;
mwanangu Elinami amezipigia hesabu kiganjani
na kuzitamka kama deni.

Nilizipenda zote mbili.
Hapana, niseme kweli: niliipenda ya kwanza.
Nilipitisha mkono chini ya bawa lake,
pale rangi ilipopoa kivulini,
nikasahau kwamba mbolea ya mwaka huu ni ya mkopo.

Fundi Ndekirwa alikuwa akifuta plagi kwa kipande cha kanga.
Hakuinua uso.
"Ukijaza matangi, nani anabaki?"

Tukaenda ghalani, tukapanda mizani ya kahawa
mmoja mmoja, kama magunia.
Aikande akasoma kilo zake, akanitazama nisizitamke.
Elinami sitini na nane, na viatu.
Mimi nilishusha pumzi; mshale haukujali.
Kisha pampu ya trekta. Kisha mbegu za alizeti, mifuko miwili.
Ndekirwa akajumlisha kwa chaki mlangoni.

Kwa ile ya kwanza, lazima mtu abaki.
"Abaki Elinami," nikasema.
"Zibaki mbegu," Elinami akasema.
Aikande alikuwa akikung'uta vumbi la kahawa kwenye sketi,
muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

"Na saa nane mchana," fundi akaendelea, peke yake sasa,
"hewa ya hapa ni uji wa msibani,
bawa linakoroga, halishiki kitu.
Na injini ni moja.
Ikinyamaza juu ya Simanjiro
utakuwa na mambo mengi ya kukumbuka.
Miguu isiwe mojawapo."

Nikasaini ya pili.

Jumanne ile ya kwanza ikaondoka na bwana mmoja wa Arusha,
begi moja, hana mbegu.
Nilisimama uzioni nikahesabu:
moja, mbili, tatu, nne,
ikakunja miguu, tano,
ikaisha.

"Unahesabu nini?" Aikande akauliza.

Magunia, nikamwambia.