Nyuzi Tisini na Saba

Agosti ya Debrecen haina adabu.
Usiku wa manane lami bado inapumua,
na mimi, fundi wa rejeta, miaka hamsini na mitatu,
nimepiga magoti sebuleni, kifua wazi,
mbele ya kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu,
kama mtu anayempima mtoto homa.

Tisini na tatu. Tisini na tano. Tisini na saba.
Kisha giza.
Mashine imejizima isiungue,
na korongo wa Boglárka amekwama picha ya thelathini na moja,
mguu mmoja juu, hajui ataushushia wapi.

Boglárka ni binti yangu. Yuko Pécs, anasomea katuni.
Kompyuta yake ya mpakato ni kizee,
kwa hiyo kila jioni hunitumia korongo wake
mashine yangu imchore usiku, picha kwa picha,
mia mbili na arobaini,
alfajiri nimrudishie akiwa anaruka.
Ndiyo mazungumzo yetu siku hizi.
Simu tuliacha; kila mara ilimrudia mama yake.

Jumatatu nilifungua skrubu nne,
nikaifuta ile dawa ya kijivu kwa spiriti na fulana kuukuu,
nikaweka mpya, tone la ukubwa wa dengu.
Tisini na sita.
Jumanne, tone la ukubwa wa harage.
Tisini na saba.
Jumatano nikanunua feni tatu; zikavuma
hata bi Etelka wa ghorofa ya chini
akagonga dari lake kwa mpini wa ufagio.
Alhamisi nilitenda jambo la aibu, sitalificha:
nilitoa mfuko wa njegere zilizoganda
nikaulaza juu ya rejeta.
Nyuzi zikashuka kumi, kwa dakika nane.
Njegere nikazila na chumvi.

Ijumaa hila ziliniishia. Nikazima feni,
nikazima na taa, nikakaa tu.
Ndipo nikausikia
mkoromo mdogo, wa chinichini,
kama mtoto anayemaliza soda kwa mrija
na hataki kukubali kwamba chupa ni tupu.

Mganga hajigangi! Nikacheka peke yangu.
Kila Oktoba napanda ngazi za majengo manane,
ufunguo mdogo wa shaba mfukoni,
nawaambia watu: rejeta yako si mbovu, mama, ina hewa.
Nazungusha robo, inasonya,
inatema maji meusi,
joto linafika hadi kona ya mwisho.
Miaka ishirini na sita natoa hewa nyumba za watu.
Na hapa kwangu maji yamepungua miaka mitatu,
bila kuvuja popote panapoonekana,
hewa ikaingia ikaikalia pampu,
nayo pampu ikawa inatafuna utupu.

Nikaongeza maji yasiyo na chumvi, nusu kikombe.
Nikaikumbatia mashine, nikailaza ubavu,
rejeta juu, pampu chini,
nikagonga mrija kwa kucha.
Nikaliona: povu moja, dogo kama punje ya mtama,
likasita kwenye kona,
likafikiri,
likapanda.
Kisha jingine. Kisha mengi, kama watoto kengele ya mwisho ikilia.
Kisha mkoromo ukakoma.

Hamsini na nane.
Niliiandika namba hiyo kiganjani, sijui kwa nini.
Picha ya thelathini na mbili: korongo akaushusha mguu.
Thelathini na tatu: akainama.
Ya sitini sikuiona, nilikuwa nimesinzia shavu kwenye zulia,
na kulipokucha alikuwa juu ya mnara wa kanisa, mbawa wazi.

Nikamtumia. Akajibu: Baba, umefanyaje?
Nikaandika: hewa tu. Nikafuta.
Nikampigia.
Simu ikaita mara nne,
akapokea, na kwa muda hakuna aliyesema kitu.
Nyuma yake feni ilikuwa inavuma.
Nikamwuliza: na huko kwako,
nyuzi ngapi?